Sufuri ya Mzee Kemeseng

Sutukunda, 9 Februari 2018

Kwa binti yangu Nyima, mtoto wa marehemu mdogo wangu,

Amani iwe juu yako. Watu wa huko Kanifing wapo? Huku watu wapo, amani tupu. Mama yako mkubwa Sirra goti limepungua maumivu. Mbuzi mweupe kazaa mapacha, wote majike. Karanga zetu zimeshapelekwa seko, kwenye kituo chetu cha kuuzia, na kupimwa, na mwaka huu mizani haikuthubutu kunichezea, kwa sababu nilisimama pembeni yake tangu asubuhi na fimbo yangu.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, herufi moja moja, usimshukuru mtu mwingine. Ile simu uliyoniletea ninayo, lakini siiamini. Maneno ukishayasema yanaingia humo na hakuna anayeyaona tena. Na ndiyo habari yenyewe iliyonikalisha chini.

Nyima, nimepata sufuri.

Sikusema nimeshindwa. Kushindwa ni kwa wanaume, hata simba hukosa paa. Nasema sufuri! Uchaguzi wa mwenyekiti wa ushirika wa karanga, hapa kijijini alipozaliwa babu yako, mimi Kemeseng Sanneh niliyewapatia watu hawa mbegu mwaka wa njaa, na ile mashine yenu inasema hakuna mtu hata mmoja aliyenipigia. Kura zote kapewa Landing Kinteh, yule mtani wangu mla nyani. Basi na kura yangu je? Nayo nilimpa Landing? Nilikuwa nimelala?

Nisikilize. Unajua mimi ni nani katika mambo ya kura. Tangu enzi za mapipa, nani alikuwa akikaa nje ya pazia kusikiliza kengele? Ni mimi. Mtu anaingia na gololi yake, anaitumbukiza kwenye pipa lenye picha ya mtu wake, kengele ndani inalia mara moja, anatoka. Ikilia mara mbili namshika kwapa: wewe umeingia na gololi ya mfukoni! Siku ya kura hata baiskeli hazikupita karibu na kituo, kwa kuwa kengele zake zingenichanganya. Serikali yenyewe iliamini sikio langu hili la kushoto.

Kwa hiyo mlipotuletea hilo sanduku lenu, mkasema seko yetu ndiyo ya majaribio, mimi sikuogopa. Niliwakusanya watu wangu jana yake nikawafundisha vizuri, mpaka vikongwe wakaelewa: kengele moja, kura moja, toka nje. Ya pili ni wizi. Na walinitii, Nyima! Nilikaa pale nikasikiliza. Watu wangu wote, mlio mmoja, safi, wanatoka. Lakini watu wa Landing! Kila mmoja akiingia, mlio, kisha mlio tena, na wa pili mrefu kama mbuzi anayechinjwa. Nikasimama nikapiga kelele: wezi! Kijana wa ofisini kwenu akaniambia, "Mzee, kaa chini, ndivyo inavyofanya."

Ndivyo inavyofanya! Inaiba kwa sauti na ndivyo inavyofanya!

Na jambo jingine. Watu waliochovya kidole kwenye wino walijaa uwanja mzima. Kura ilizozitaja mashine hazifiki hata nusu yao. Wengine wamekwenda wapi? Wameliwa na panya?

Nilimuuliza mama yako mkubwa, "Ulimpigia nani?" Akaniapia kwa Mungu kuwa ni mimi. Sasa nimwamini yeye, au niamini mashine? Tangu siku hiyo domoda yake ya mchuzi wa karanga inanikwama kooni.

Wewe ndiye unayefanya kazi ofisi ya Muungano wa vyama vya ushirika, na mashine imetoka kwenu. Fungueni tumbo lake tuone.

Ni mimi baba yako mkubwa,
Kemeseng Sanneh, Msikilizaji wa Kengele


Kanifing, 27 Februari 2018

Mpendwa Baba Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini wote mpo salama, na mapacha wa mbuzi wanaendelea kunyonya. Mimi sijambo, kazi tu ni nyingi. Nimempa dereva wa lori majani ya chai ya ataya, sukari, na kitambaa cha Mama Mkubwa. Tafadhali usimkasirikie Mama Mkubwa.

Kuhusu uchaguzi, nimesikitika sana. Mashine ilikaguliwa kabla ya kuletwa huko na kuthibitishwa kuwa nzima. Ufunguo wa ndani wanao wenye kampuni iliyoitengeneza tu, sisi hatuna ruhusa ya kuifungua, na hata ikifunguliwa hakuna kitu ndani cha kuonyesha isipokuwa hesabu ile ile mliyosomewa. Ofisi inasema matokeo ni halali.

Nina swali moja, Baba Mkubwa. Wewe mwenyewe ulipoingia nyuma ya pazia, kengele ililia kabla hujagusa kitu, au baadaye?

Nisalimie wote.

Binti yako,
Nyima


Sutukunda, 15 Machi 2018

Nyima,

Amani. Watu wapo. Ataya imefika, sukari imefika imepungua, mwambie dereva nimeona. Pacha mmoja kafa.

Umeniuliza mimi habari za kengele? Mimi? Utamuuliza samaki kama anajua maji?

Haya, nitakujibu ili uone. Ililia nikiwa bado napitisha bega kwenye pazia. Sijagusa kitu. Nikajua imenitambua. Hata chuma kina adabu, nikasema, kimemwona mkubwa kikamwamkia. Kengele imelia, kura imeingia. Nikaigonga picha yangu kwa kidole, kama tunavyoligonga pipa kulishukuru gololi ikishazama, nikatoka zangu. Ulitaka nibaki humo niilize tena kama mwizi wa kuku?

Sasa na wewe nijibu. Umeniandikia maneno ya ofisini. "Imethibitishwa kuwa nzima." Imethibitishwa na nani? Mbele ya nani? Mimi nikikuuzia ng'ombe nikakwambia usimfungue mdomo, usimtazame meno, wenye meno wamekwisha kuyaona, utanunua? Pipa lilikuwa bovu kwa mengi, lilishika kutu, lilibebwa na punda, lakini jioni lilimwagwa. Gololi zilipangwa kwenye ubao wenye matundu, mbele ya watu, na hata bibi kipofu alipapasa kwa vidole vyake akajua nani kapata na nani kakosa. Mashine yenu imemwaga nini? Kijana alibonyeza, akatusomea. Tukatazamana. Hivyo ndivyo nilivyofutwa katika kijiji cha baba yangu, kwa kusomewa!

Unajua wananiitaje? Sufuri. Nikipita bantaba, pale chini ya mti wa mikutano, wazee wenzangu waliokaa jukwaani wananyamaza, kisha mmoja anakohoa. Juzi Landing mwenyewe alikuja uani kwangu na kokwa mbili za kola za kutafuna mkononi, meno nje.

"Sufuri, umeamkaje?"

"Nimeamka mtu huru, wewe mtumwa wa babu yangu. Toa kola, ondoka."

"Nitaondoka. Nimekuja kukupa pole. Hata mkeo, jamani? Hata nafsi yako haikukupenda?"

Watoto wakacheka mpaka wakaanguka. Utani ni utani, Nyima, nami nilicheka kwa mdomo. Lakini mama yako mkubwa alisikia kutoka jikoni. Alitoka akaniambia, "Kemeseng, nimekuapia mara moja. Sitaapa tena." Akachukua mkeka wake akaenda kwa kaka yake. Sasa nakula chere ya mtama, baridi, ya jirani.

Miaka yote hii sikuwahi kumshuku mke wangu. Kashukiwa kwa neno la sanduku. Hilo ndilo ninalotaka ofisi yenu inijibu, siyo kiti.

Kemeseng


Kanifing, 2 Mei 2018

Mpendwa Baba Mkubwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya. Barua yako iliwahi kufika, nimekuwa nikiitoa na kuirudisha kwenye mkoba. Pole kwa pacha. Nimefurahi kusikia kwa dereva kwamba umemtumia Mama Mkubwa samaki mkavu, ingawa anasema samaki huyo alirudishwa.

Nitakueleza nilichokijua toka siku uliponiandikia mara ya kwanza, nikakosa ujasiri wa kukisema.

Ile mashine hulia mara mbili kwa kila mpiga kura. Mlio wa kwanza, mfupi, si kura. Msimamizi anabonyeza upande wake, mashine inalia kusema: niko tayari, chagua. Mtu anabonyeza kitufe kilicho kando ya picha, ndipo inalia mlio mrefu: nimepokea. Asiyebonyeza, kura yake haipo. Haikuibiwa, haikuharibika. Haipo tu, na mashine haiandiki popote kwamba kuna mtu aliingia akatoka.

Tuliijaribu hotelini, pwani, makarani watupu na wageni wa kampuni. Kila mtu alibonyeza, kila kitu kikaenda sawa, tukala wali na kuku. Mimi niliinua mkono nikasema, kwetu kengele ndiyo kura, mtu akiisikia amemaliza, na ya pili tumefundishwa tangu utotoni kwamba ni kosa. Mkubwa wangu akacheka. "Binti Sanneh, watu watazoea." Nikakaa. Nilikuwa mgeni kazini.

Sasa wananitaka nisaini taarifa kwamba majaribio ya Sutukunda hayakuwa na dosari, kwa kuwa mimi ndiye mwenyeji wa huko. Nikisaini, mashine zinakwenda kwenye seko zote za nchi msimu ujao. Nikikataa, hawajaniambia nini kitatokea, ila wamekwisha kuhamisha meza yangu karibu na choo. Wewe unajua kodi ya huku, na ada za wadogo zangu.

Baba Mkubwa, Mama Mkubwa hakusema uongo. Hakuna aliyekusaliti. Watu wako walikutii, basi. Sijui niliseme vipi zaidi ya hapo.

Naogopa.

Nyima


Sutukunda, 20 Mei 2018

Binti yangu Nyima,

Amani iwe juu yako na meza yako, hata ikiwa karibu na choo.

Barua yako niliisoma nikaitupa. Nikasema, huyu mtoto wameshamnunua, anataka kunivika mimi lawama. Mimi, msikilizaji wa kengele, niwe nimejinyonga kwa kengele? Nikashinda zizini siku nzima. Mbuzi walinitazama.

Kisha nikawaita watu wangu bantaba. Sikumuuliza mtu alitaka kumpa nani, hilo ni haramu, nami ni mtu wa sheria. Niliuliza moja tu: "Mlipoingia, baada ya mlio wa kwanza, nani alibonyeza?"

Mzee Fabakary akajitia kutafuta kiatu chake.

"Nani alibonyeza? Semeni!"

Ndipo sauti ikatoka upande wa wanawake, na kumbe ni mama yako mkubwa, amekuja kusikiliza. "Tubonyeze nini, Kemeseng? Ulisema kengele moja, toka. Ulitufundisha mara tatu. Mtu aliyeuliza swali ulimwita punda."

Nyima, pale pale jua likanipiga kichwani kama sina kofia.

Lakini usidhani nimenyamaza! Hasira sasa ndiyo imeongezeka, tena imepata njia. Niliwafundisha vibaya, sawa, kwa sababu niliwafundisha kile nchi hii ilichotufundisha tangu tulipoanza kupiga kura. Wao walijua, na hawakutuuliza. Walikula kuku hotelini wakaijaribu kwa watu waliokwisha kuijua! Unajaribu mtumbwi kwa kuuegesha nchi kavu? Na yule kijana aliyenikalisha chini, aliona watu wanaingia na kutoka mlio mmoja mmoja tangu asubuhi. Macho yake yalikuwa wapi? Mlio wa pili ulipokosekana kwa nusu ya kijiji, chombo kizima hakikujiuliza? Mimi na sikio langu niliusikia upungufu huo, ila nilidhani ni uaminifu.

Niliona nikifa hivi nitazikwa Sufuri. Nikaenda kwa Landing, bila kola.

Nikamwambia habari yote. Alisikiliza, huku anamimina ataya, mara ya kwanza simwoni akicheka.

"Sasa unataka nikupe kiti changu, mtumwa wangu?"

"Kiti kaa nacho mpaka uote mkia. Nataka mapipa. Turudie."

"Mimi nimeshinda, Kemeseng. Mshindi gani anarudia?"

"Umeshindaje? Eleza."

Akafikiri. Akasema, "Mimi watu wangu sikuwafundisha chochote. Waliingia wakabonyeza kila kilichobonyezeka." Kisha akapunguza sauti. "Nikwambie jambo? Kila nikiitisha mkutano, watu wako wananitazama kama mtu aliyeokota pochi njiani. Hata mke wangu aliniuliza, Landing, kweli hukuwapa kitu wale wa mashine? Nimekushinda, na hakuna aliyeniona nikikushinda. Raha yake iko wapi?"

Basi tumekubaliana. Wanachama wametia vidole gumba vyao, kutoka pande zote mbili, kwamba seko hii ni yao na uchaguzi ni wao. Mapipa yapo ghalani, yana popo. Nitawafukuza mwenyewe.

Sasa wewe. Usisaini. Nasema hivyo nikijua nakuambia nini. Ukisaini, kila kijiji chenye mzee kama mimi kitatoa sufuri, na katika kila kijiji mume atamtazama mkewe kwa jicho baya, na hapatakuwa na cha kumwaga mezani kuwapatanisha. Wakikufukuza, mtama upo, shamba la marehemu baba yako lipo, nami nililitunza vizuri kuliko alivyolitunza yeye. Ada za wadogo zako tutauza mbuzi.

Ulinyamaza hotelini kwa kuwa ulikuwa mgeni. Sasa si mgeni.

Baba yako mkubwa,
Kemeseng


Kanifing, 11 Juni 2018

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Mvua ya kwanza imenyesha huku, sijui kwenu.

Sikusaini. Nilichoandika ni kurasa mbili za yaliyotokea Sutukunda, mlio kwa mlio, nikapeleka nakala kwa kila seko kabla ya kumpa mkubwa wangu. Aliyoyasema nitakusimulia nikifika, mengine hayaandikiki kwa mzazi.

Nipe habari za mapipa. Kitanda changu cha zamani bado kipo?

Nyima


Sutukunda, 30 Juni 2018

Kwa Nyima, simba jike wa kina Sanneh,

Amani, amani tupu. Kitanda kipo, kuku walikuwa wametaga juu yake, nimewahamisha. Mvua imefika. Dereva wa lori anasema seko za ng'ambo ya mto zimekwisha kuiandikia ofisi yenu kwamba mashine wasiletewe mpaka ije na kitu cha kumwaga. Wamejifunza kwangu kusema hivyo.

Sasa sikiliza. Tulifanya Jumamosi iliyopita. Popo niliwafukuza mwenyewe kama nilivyoahidi, mmoja kaniuma, sikulia. Tulitia unga wa mbao chini ya mapipa ili gololi zisisikike zikitua. Baiskeli zote zililazwa mbali. Kwa kuwa mimi ni mgombea nilikatazwa kusikiliza kengele, wakamweka Fabakary, ambaye ni nusu kiziwi. Nilivumilia. Hilo peke yake linastahili sanamu.

Niliingia. Nikashika gololi, baridi, nzito kidogo, nikaiachia kwenye tundu la pipa langu. Niliisikia ikishuka. Kisha kengele. Nyima, kengele ilikuja baada ya mkono wangu. Nilitoka nina machozi, nikawaambia watu ni vumbi la mbao.

Jioni mapipa yalimwagwa hadharani. Wakaanza la Landing, wakapanga. Wakamwaga langu. Gololi zilitoka zikidunda kama mvua ya mawe, kijiji chote kikapiga mayowe, na mama yako mkubwa akasimama juu ya kinu apate kuona. Wakapanga tundu kwa tundu. Nikasema rudieni. Wakarudia. Nikasema tena. Landing mwenyewe akainama akazihesabu gololi zangu kwa mkono wake, kwa sauti, moja moja, na aliposita nilimsahihisha.

Nimeshindwa kwa gololi nne.

Nne! Yule mla nyani kanishinda kwa gololi nne, na nimeziona zote nne, zimekaa kwenye matundu yake zinanitazama. Hakuna mtu katika nchi hii aliyewahi kushindwa vizuri kama mimi. Nilimshika mkono mbele ya watu, nikamwita mwenyekiti, naye akaniita mtumwa, na watu walicheka kicheko ambacho hakuna aliyekohoa ndani yake.

Mama yako mkubwa karudisha mkeka wake nyumbani. Usiku ule alipika domoda. Nilipokuwa nakula aliniuliza, "Mbona huniulizi safari hii nilimpigia nani?"

Nikamwambia, "Ongeza mchuzi."

Njoo kabla njia haijajaa maji. Palilio linakuja na mikono haitoshi.

Ni mimi, ambaye siitwi tena Sufuri,
Kemeseng Sanneh